Aliyekaza Akae Chini Yake

Siku mliyonifanyia karamu ya kuniaga, wanangu wa karakana, nilikuwa nakula pilau yenu kwa raha zangu mpaka Bwana Mratibu wa mradi wa kliniki aliposimama kusema. Alinisifu sana. Alinitaja tangu enzi za bisibisi yangu ya kwanza, ambazo yeye alikuwa hajazaliwa, halafu akafika kwenye gari la kliniki na mkono wa Bi Mize. Hapo akatabasamu, akasema, "Lakini ajali haina kinga, ndugu zangu, na Bi Riziki wetu anaondoka na jina safi." Mkapiga makofi. Mimi nilikuwa na pande la nyama mdomoni, na kwa meno yaliyonibakia nyama haimalizwi haraka. Nilipomeza, yeye alikuwa keshaketi na soda zinagawiwa.

Basi jibu langu ndilo hili. Nimeliandika kwa mkono, nimelirudia mara mbili, na hasira bado ninayo. Sitawachosha kwa vyeo nilivyopanda wala mshahara niliopokea, maana vyote viwili vilikuwa vidogo na havimfunzi mtu kitu. Nitawaeleza habari ya kufunga vitu ukutani, hasa ukuta unaotembea, na mwisho nitawaeleza mkono ule uliumizwa na nani.

Nilifika hapa Wesha, kisiwani Pemba, asubuhi moja na cheti changu cha ufundi ndani ya mfuko wa plastiki. Karakana ilikuwa ile ile mnayoijua, ila paa lilivuja mahali pengine. Tulitengeneza bodi za magari ya ofisi na ya wagonjwa, na vyumba vya abiria vya boti. Mkuu wa upande wa bodi alikuwa Mzee Mbarouk, mtu mwembamba, kofia yake ina madoa ya grisi ambayo mkewe alishakata tamaa nayo. Nilimpa cheti. Hakukitazama. Alinipeleka kwenye gari la wagonjwa lililokuwa juu ya magogo, akanionyesha ukuta wa ndani.

"Gonga," akasema.

"Nigonge kwa nini, Mzee?"

"Kwa kidole. Weye kwenu hamgongi mlango? Ukuta huu una mbavu kama zako. Zitafute, kisha uniambie ziko wapi."

Nikagonga. Penye uwazi sauti hujibu nene na hukawia kidogo. Penye ubavu hujibu fupi na kavu. Juma zima sikushika chombo chengine zaidi ya kidole changu na kipande cha chaki. Wanaume wa karakana wakanipa jina la Bi Hodi, kwa kuwa nashinda nabisha hodi kwenye magari yasiyo na mtu. Waliocheka wengi wao baadaye walikuja kuniuliza ubavu uko wapi, na wengine niliwaonyesha.

Kitu cha kwanza nilichofunga peke yangu kilikuwa kabati la chuma la dawa, kwenye gari hilo hilo. Nilipomaliza, Mzee Mbarouk alilivuta kwa mikono miwili, akaning'inia nalo kama mtoto, kisha akaniamuru nikae chini yake. Akamwita dereva. Dereva alikuwa mtu ambaye breki aliziona ni woga. Tukaenda Mkoani na kurudi, enzi ambazo barabara ile ilikuwa na mashimo yenye majina, na mimi nimekaa chini ya kabati langu nasoma kila sura ya Kurani niliyofunzwa chuoni. Tuliporudi Mzee Mbarouk alikuwa mlangoni na kikombe cha kahawa.

"Uliogopa?"

"Niliogopa, Mzee."

"Basi ipo nati usiyoiamini. Nenda kaitafute."

Nikaitafuta, na ilikuwepo, ya pembeni nyuma, ambayo sikuweka washa, ile pete ya bati ya chini ya nati, kwa sababu ziliniishia na niliona haya kumwambia. Hiyo ndiyo sheria ya karakana yetu ambayo wengi wenu mliikuta inafanywa mzaha: aliyekaza akae chini yake safari ya kwanza. Haikuandikwa popote. Mzee Mbarouk alisema karatasi haikai chini ya kitu, mtu ndiye hukaa.

Jambo la pili alilonifunza lilikuwa ni kuweka alama. Ukishakaza nati yako, unapiga mstari mmoja wa rangi kuanzia kwenye nati mpaka kwenye bati. Gari likitikisika na nati ikizunguka, hata kidogo, mstari unavunjika, na mtu yeyote mwenye macho anaona bila kushika spana. Siku moja rangi ilikosekana, nami nilikuwa na kichupa cha rangi ya kucha kilichobaki tangu harusi yangu, nyekundu. Nikaitumia. Walicheka mpaka wakaketi chini. Lakini rangi ya kucha haitoki kwa mafuta wala kwa maji ya chumvi, na kuanzia hapo karakana nzima ilikuwa ikiniomba kichupa. Mume wangu Mungu amrehemu alikuwa akiwaambia watu kwamba mkewe anapaka magari kucha.

Kazi ngumu ya kwanza ya televisheni ilikuwa ile ya boti ya abiria pale Mkoani. Mwenye boti alitaka abiria watazame filamu mpaka Unguja. Siku hizo televisheni zilikuwa za chogo, nzito, moja hubebwa na watu wawili. Tulichomelea rafu ya chuma kwenye mbavu za boti, tukaizungushia ukingo wa kuzuia, tukaifunga televisheni kwa mkanda wa kiti cha gari. Mwenye boti alinung'unika kwamba mkanda unaharibu uzuri. Nilimuuliza anataka abiria watazame uzuri au filamu. Safari ya kwanza nilikaa chini yake, nikatapika kutoka Mkoani mpaka tulipoiona Unguja. Abiria wakitazama filamu, mimi natazama bolti nne. Televisheni ile ilikufa kwa chumvi baada ya miaka, lakini ilikufa ikiwa mahali pake.

Kisha zikaja hizi bapa, na hapo ndipo akili za watu zilipolegea. Chogo lilikuwa zito, kwa hiyo kila mtu aliliogopa. Hii bapa mtu anaibeba kwapani, anaona hata msumari mmoja unatosha. Hataki kusikia kwamba uzito si wa mizani peke yake. Gari likiruka shimo, kile kitu chepesi kinashuka kwa kishindo, kinavuta skrubu zake, kinarudi, kinavuta tena, na safari moja ya kwenda shamba ni mavuto elfu. Ukiongeza braketi, chuma cha kuishikia ukutani, yenye mkono wa kuchomoka mbele, umempa anayevuta mtaimbo mrefu zaidi. Nimesema haya kwenye vikao mpaka watu wakawa wanatazama saa nikisimama.

Sasa lile gari. Wengi wenu mlikuwepo lilipoteremshwa bandarini Mkoani, mnakumbuka tulivyolishangaa. Lilikuwa gari la wazungu la kwenda matembezi na kulala humo humo, lina kitanda, jiko, beseni la kuoshea vyombo, na mapazia yenye maua. Wafadhili walilileta ligeuzwe kliniki ya kuzungukia vijiji, ya mama wajawazito na watoto wachanga. Kazi nzuri, na sina ubaya nayo. Tuling'oa jiko tukaweka kabati la dawa. Kitanda tukakiacha, kiwe cha kupimia. Wa kupima alikuwa Bi Mize, mkunga wa miaka mingi, mwanamke wa maneno machache na mkono wa kulia ambao Pemba ya kusini yote inaujua. Anaweka kiganja tumboni, anafumba macho, anakwambia mtoto amegeukia wapi. Binti yangu alipimwa na mkono ule kwa wanawe wote watatu.

Nilipougonga ukuta wa gari lile siku ya kwanza, niligonga tena. Magari yetu yana bati na mbavu za chuma. Hili lilikuwa na bati jembamba nje, sponji katikati, na ndani kipande cha plaiwudi chembamba kama jalada la msahafu, kilichopakwa karatasi ya mapambo. Mkate wa boflo uliokatwa katikati na kupakwa siagi una nguvu zaidi. Vipande vya mbao vilikuwemo, vichache, mbali mbali. Kwenye ukuta wa juu ya kitanda nilivikuta viwili tu, na nikavitia chaki.

Asubuhi ya siku ya sherehe ya uzinduzi, Bwana Mratibu alikuja na televisheni ya inchi arobaini na tatu. Ilikuwa ya kuonyesha mafunzo ya afya kwa akina mama. Akaonyesha kwa kidole: juu ya kitanda, katikati kabisa, ili mgeni rasmi akiingia aione.

"Hapo hapana kitu nyuma, Bwana Mratibu," nikamwambia. "Sponji tu."

"Bi Riziki, hii nyepesi hii. Naibeba kwa mkono mmoja."

"Utaibeba kwa mkono mmoja mpaka Kiwani, kwa barabara ile? Nipe siku nne. Nipe na televisheni ndogo, ya inchi ishirini na nne. Nitaweka ubao mnene kutoka mbao hii mpaka ile, niubane kwa bolti zinazopenya mpaka nje, na nitaiweka kule pembeni juu ya kabati, pasipokaa kichwa cha mtu."

"Siku nne sina. Mgeni rasmi yupo njiani."

"Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," akanijibu, akacheka, na waliokuwa naye wakacheka, maana ni gari la waja wazito. Nilipoondoka kwenda kuswali adhuhuri, alimleta fundi kutoka mjini Chake, Fundi Othman, anayefunga televisheni majumbani. Mtu safi, anafanya kazi vizuri, nyumba za watu zimejaa kazi yake. Tatizo ni kwamba maisha yake yote amefunga kwenye kuta za mawe. Ukuta wa jiwe unatoboa, unatia plagi ya plastiki, unakaza skrubu, plagi inatanuka, imekwisha hiyo mpaka kiama. Akafanya hivyo hivyo kwenye plaiwudi na sponji. Plagi zikatanuka ndani ya sponji. Hata nusu saa haikufika.

Nilirudi nikaikuta inang'aa ukutani. Nikaigonga pembeni yake. Ikanijibu nene, ikakawia. Nikamtazama Fundi Othman, naye akanitazama kwa heshima.

"Bi Riziki, mie nimefunga nyumba ngapi, na haijaanguka hata moja."

"Nyumba ya mtu haiendi Kiwani, mwanangu," nikamwambia.

Bwana Mratibu akanyoosha karatasi ya makabidhiano. Imeandikwa: gari limekaguliwa na lipo salama, sahihi ya mkuu wa bodi. Mkuu wa bodi sasa nilikuwa mimi. Nikasema siweki. Akasema gari halitoki bila sahihi, na akina mama wa Kengeja na Kiwani wamekwishaambiwa kliniki inakuja, je, mimi ndiye nitakayekwenda kuwaambia haiji? Bi Mize alikuwa nje anapanga maboksi yake. Watu walikuwa wanapamba gari kwa makuti na maua. Udi ulikuwa umekwisha kuwashwa. Nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu, na nilikuwa nimechoka kuwa yule mwanamke wa karakana anayekataa kila kitu.

Nikatia sahihi.

Na sikukaa chini yake. Nataka mlisome hilo mara mbili. Nilijiambia sikukaza mimi, kwa hiyo sheria hainihusu. Fundi Othman naye hakuijua sheria. Kwa hiyo gari likatoka, na aliyekaa chini ya televisheni ile safari ya kwanza, na ya pili, na zote zilizofuata, alikuwa Bi Mize, amepakata boksi la chanjo, kwa sababu ukingo wa kitanda ndiyo nafasi iliyobaki.

Sasa nakuja kwenye kitambaa, na hapa nitawaomba msicheke. Mkono wa Bi Mize ulikuwa na kazi mbili: kupima, na kufuma. Aliipenda televisheni ile. Alisema akina mama wakiingia humo wajione wameingia sebuleni kwa mtu, si hospitali. Basi akaifumia kitambaa cheupe chenye maua ya pembeni, kama tunavyofanya sote majumbani mwetu, akaitandikia juu, kikaning'inia mbele na nyuma, na kwenye kona akachomeka waridi la plastiki. Ilipendeza kweli. Na ile nyuma iliyoning'inia iliziba braketi yote na skrubu zake nne.

Baada ya safari kadhaa akaanza kuona kitambaa kimekwenda upande. Kila asubuhi akikinyoosha. Jioni kimeinama tena. Akakilaumu kitambaa, akasema uzi wa siku hizi unateleza, akakitia na pini. Aliniambia haya mwenyewe hospitalini, mkono umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko.

"Kila siku nanyoosha kitambaa, Da Riziki, kumbe ilokuwa ikiinama ni televisheni. Mie nainyooshea nguo maiti."

Iliangukia njiani wakirudi kutoka Kiwani. Gari liliingia shimo, si kubwa, dereva anasema hata hakupunguza. Plagi zote nne zikatoka na kipande cha plaiwudi ukubwa wa sinia. Bi Mize aliinua mkono wa kulia kulikinga boksi la chanjo, na pembe ya televisheni ikashukia kwenye kifundo cha mkono. Chanjo hazikumwagika hata chupa moja. Kifundo kilivunjika mahali pawili, na vidole viwili, cha kati na cha pete, mpaka leo havikunjiki vizuri wala havisikii vizuri.

Ikaundwa kamati. Mabwana watatu, chupa ya chai, sambusa. Waliniita kama mkuu wa bodi. Walikuwa wameshaandika hitimisho kabla sijaketi: ubovu wa barabara. Mkubwa wao akanisomea, akamaliza kwa kusema ajali haina kinga. Nikawaambia haina kinga kwa sababu kinga ilikataliwa. Nikawaambia wahenga hao hao ndio waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hiyo sijaisikia ikisemwa kikaoni. Nikawaambia kuna watu watatu wa kuandikwa humo: aliyetaka haraka, aliyekaza asipopajua, na aliyejua akatia sahihi. Waandike na jina langu.

"Bi Riziki," akasema mkubwa wao kwa upole, "umebakisha miezi mitatu tu. Unajitafutia nini?"

"Mficha uchi hazai, Bwana."

Mmoja akanimiminia chai. Hawakuandika. Hawakuandika la Bwana Mratibu, hawakuandika la Othman, hawakuandika langu. Waliandika barabara, ambayo haina mdomo wa kujibu. Tena wakadhani wamenitendea hisani. Nimetukanwa mara nyingi katika kazi hii, nimeitwa Bi Hodi, nimeitwa mkaidi, lakini sijapata kudhalilishwa kama siku ile niliyosamehewa na watu ambao hawakuumia.

Fundi Othman alinijia nyumbani mwenyewe, na katika hili nataka apate haki yake. Alikaa barazani, hakugusa hata maji. Akasema, "Bi Riziki, hakuna aliyeniambia kama ukuta wa gari si ukuta." Nikamwambia kweli, hakuna aliyekwambia, na mie nilikuwa nimesimama pale pale. Nikampeleka karakana nikampa kidole chake mwenyewe na chaki. Sasa anagonga vizuri kuliko baadhi yenu.

Miezi yangu mitatu ya mwisho niliimalizia kwenye gari lile, na kazi hiyo nawaachia hatua kwa hatua, kwa kuwa magari ya namna ile yatakuja mengine. Tuliibandua plaiwudi ya ukuta wa pembeni, mbali na kitanda, pale kuta mbili zinapokutana, maana pembe ina mbao zaidi. Tukapitisha ubao mnene wa mkoko, umekauka, kutoka mbao moja mpaka nyengine, kwa gundi na kwa skrubu. Juu ya bati la nje tukatia kipande cha alumini, na mpira chini yake mvua isiingie. Bolti nilizifuata Chake Chake kwa Bwana Jayanti, mzee wa Kihindi ambaye baba yake pia aliuza bolti kwenye duka lile lile. Alizishika mkononi kabla ya kunipa, akaniuliza, "Hino ya nyumba ama ya gari, dada?" Nilitaka kulia. Mtu mmoja katika kisiwa kizima ameuliza swali lile, naye yuko nyuma ya kaunta.

Nikamwambia ya gari. Akazirudisha, akatoa nyengine, na nati zile zenye plastiki ndani zisizolegea kwa mtikiso. Televisheni tuliyoweka ni ndogo. Braketi haina mkono wa kuchomoka. Juu yake kuna mkanda unaokwenda kwenye ubavu wa paa, ili bolti zote zikifa, bado ining'inie. Na kila nati ina mstari wangu mwekundu, kichupa kipya, cha zamani kilikwisha zamani.

Siku ya safari ya kwanza nilifika mapema nikaingia. Chini ya televisheni sasa pana kiti kidogo cha kukunja, nilikiweka mwenyewe kwa kazi hiyo tu. Nikaketi. Dereva akaniuliza kama nakwenda Kiwani kupima ujauzito. Nikamwambia awashe gari.

Hapo mlango ukafunguka, akaingia Bi Mize. Plasta ilikuwa imetoka. Alikuwa amerudishwa kazini kumfunza mkunga mwengine, kwa kuwa mkono wake wa kulia haumsikii mtoto tena, anamtafuta kwa wa kushoto na anamkosa. Nilikuwa sijamwambia. Hospitalini nilikwenda mara sita na kila mara nilimpelekea uji na maneno mengine. Nikaona nisipomwambia pale, nitastaafu nayo.

"Bi Mize," nikasema, "ile karatasi ya gari niliitia sahihi mie. Nilijua."

Alikuwa anaweka boksi la chanjo mahali pake.

"Najua, Da Riziki. N'kikuona dirishani. Nlikuona ukigonga, nkakuona na uso wako ulivyokuwa. Kisha nkakuona ukitia sahihi. Nkasema basi, Da Riziki katia sahihi, hakuna neno."

Kwa miezi yote ile nilikuwa na hasira na kila mtu aliyepita njiani, na yeye alikuwa amekaa chini ya kitu kile safari zote zile kwa sababu ya jina langu.

"Siwezi kusema ajali haina kinga," nikamwambia.

"Usiseme," akajibu. "Wameshaisema wengi, wala vidole havijakunjika."

Akatoa kitambaa chake kwenye mkoba. Nilidhani ataitandikia televisheni, nikawa natafuta namna ya kumkataza. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akakikunja mara nne, akakiweka mapajani, akaulaza mkono wake wa kulia juu yake. Kisha akainua uso kuzitazama nati.

"Hiyo mistari myekundu ndiyo ya kutazamwa?"

"Ndiyo. Mmoja ukivunjika, gari lisimame."

"Dereva aambiwe?"

"Nimeshamwambia."

Akainuka, akanijia. Nikamwambia aende mbele akakae na dereva, kiti hiki ni cha aliyekaza. Akanitazama kama anavyowatazama waja wazito wanaobisha.

"Sogea," akasema.

Nikasogea.